Advansi ya fundi: utoe kiasi gani, lini, na uishikeje isikuponyoke

Nianze na aibu yangu ili ujue unashauriwa na mtu aliyekwisha lizwa. Nilikuwa namalizia nyumba Goba, hapa Dar, nikatafuta fundi wa kuchomelea anitengenezee geti la gari pamoja na kile kimlango chake kidogo, tukakubaliana 1,800,000, akaniambia dada vyuma vinapanda bei kila wiki nipe 1,300,000 niwahi leo leo, na mimi bila kuuliza mara mbili nikatoa simu nikatuma nikiwa nimesimama pale pale bandani kwake. Wiki mbili alizoahidi zikawa mwezi na kitu. Nikipiga asubuhi "dada nipo Kariakoo nafuata kitasa", nikipiga jioni "dada huku umeme hamna tangu saa nne", siku ya tatu yupo msibani Morogoro, na mtu akishakwambia yupo msibani unaanzaje kumgombeza, unabaki kusema pole tu.

Siku moja nikaenda bila kupiga simu. Mwenyewe hayupo, nikamkuta kijana wake mmoja amevaa miwani ya jua ndio anachomelea nayo. Geti langu liko wapi? Akaninyooshea kidole kwenye fremu moja imeegemezwa kwenye mwarobaini, haina bati hata kipande, imeshaanza kutu. Na zile paipu nyingine? Kijana akacheka kwa aibu akasema, "Dada nikwambie ukweli, paipu zako zilimalizia grili za mama mmoja wa Madale, yule alikuja na mjumbe. Zako zitanunuliwa akitokea mteja mwingine."

Nilikasirika mpaka nikasahau kupanda bajaji, nikatembea kwa miguu mpaka kituoni. Lakini kwa kweli yule kijana alinieleza kitu ambacho mafundi wazima hawakuelezi. Fundi wengi sio wezi, hawana mtaji tu. Advansi ya mteja wa leo inamalizia kazi ya mteja wa mwezi uliopita, na yako itamaliziwa na ya mteja wa mwezi ujao, na kwenye hiyo foleni anayetangulia ni anayepiga kelele zaidi au anayekuja na mjumbe. Kwa hiyo ile kuulizana "huyu fundi mwaminifu?" haitoshi, maana hata mwaminifu akikosa mteja mpya wiki hii wewe umekwama. Swali la kujiuliza kabla hujabonyeza namba ya siri ni hili: hii hela ikitoka kwangu inaenda kugeuka kitu gani, na hicho kitu nitakiona wapi, kesho au keshokutwa?

Kazi ya nyumbani kwako na kazi ya bandani kwake

Hizi watu wanazichanganya na ndio wanaumia. Fundi anayekuja kwako, yaani rangi, tailizi, bomba, jipsam, plasta, kupaua, huyo hana sababu ya kushika hela kubwa mwanzoni. Vifaa vinashuka kwako, kazi inafanyika kwako, akiondoka katikati vifaa vimebaki. Cha kumpa siku ya kwanza ni nauli na hela ya kula, basi. Akikwambia nipe nusu ya ufundi ndio nianze, muulize nusu ya kufanyia nini wakati mifuko ya saruji umenunua wewe.

Fundi wa bandani ni mwingine kabisa. Geti, madirisha ya alumini, kabati la jikoni, makochi, vitu hivi vinatengenezwa kwa vipimo vyako, na ukimkimbia hana wa kumuuzia, dirisha lako la sentimita 137 nani mwingine atalitaka? Huyo ana haki kabisa ya kudai kianzio, na mimi siku hizi fundi alumini asiyedai kianzio namwogopa, ama hajui hesabu ama ana hela ya mtu mwingine anayoichezea. Ubishi ni kiasi na njia ya kutoa. Wengi wanakuambia nusu kwa nusu, ukiweza ishushe, lakini hata ikibaki nusu usiitoe kama hela. Nenda naye mpaka duka la vyuma, yeye achague, wewe ulipe kwenye lipa namba ya duka, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe jina lako, mzigo upelekwe bandani ukiwepo. Ukifika, chukua rangi ya kupuliza au hata makapeni, weka alama kwenye kila paipu, piga picha mzigo wote ukiwa umelala hapo chini. Utaonekana una mambo mengi. Acha uonekane hivyo, paipu yenye alama yako fundi anaona uvivu kuipeleka Madale.

Halafu upange safari mbili. Ya kwanza akishaunga fremu, ya pili KABLA hajapiga redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, hii usiikose, kwa sababu rangi inaficha kila dhambi. Chuma kikiwa kitupu unaona pale alipochomea nukta nukta badala ya kuzungusha, unaona kama paipu ni ile nzito mliyokubaliana au amekuwekea nyembamba inayobonyea ukiiminya. Kwa upande wa alumini, usikubali kupimwa kabla plasta ya pembeni ya dirisha haijakauka, tundu linabadilika sentimita moja mbili na hapo ndipo ugomvi wa "wewe ulipima vibaya, hapana ukuta wako ndio mbaya" unapoanzia, na advansi yako ikiwa katikati ya huo ugomvi.

Vifaa nunua mwenyewe hata kama hujui

Najua kinachowafanya watu wampe fundi hela ya vifaa: kazini hakuna ruhusa, Kariakoo kuna jua, na majina ya vitu huyajui. Pia mie nikiwa mwanamke nikifika dukani naulizwa "mzee yupo wapi" kama vile nondo zinauzwa kwa cheti cha ndoa. Lakini tofauti ni kubwa, na sio lazima uende kila mahali. Fundi akuandikie orodha, idadi na saizi kila kitu, wewe upige simu maduka mawili matatu uulize bei, ununue kwenye duka ambalo hakukutajia yeye. Fundi akikupeleka duka lake mara nyingi duka linamrudishia chochote, hilo kila mtu analijua na wala mimi silichukii sana, ila lijue, ukiona anakataa kata kata duka lingine ujue sio ubora anaoulilia.

Vitu vichache vya kushika kichwani. Tailizi za 60 kwa 60 boksi moja kwa kawaida lina vipande 4, ni mita za mraba 1.44. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni mita 16, ongeza asilimia kumi ya kukata na kuvunjika unapata 17.6, gawa kwa 1.44, boksi 13. Fundi akikuandikia 18 muulize tano ni za wapi. Na hakikisha namba ya toleo kwenye maboksi yote ni moja, la sivyo nusu ya sebule itakuwa krimu na nusu nyeupe ya ugonjwa. Nondo inatakiwa iwe mita 12, nenda na futi, ipime. Bati geji ikiwa namba kubwa bati ndio jembamba, yaani geji 32 ni laini kuliko 28, watu wanadhani kinyume chake na wauzaji wanawaacha wadhani hivyo hivyo. Waya wa 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi, fundi umeme akikuletea roli za 1.5 tupu kwa nyumba nzima mwambie pole pole arudishe. Na huyo wa umeme usimchukue wa mtaani tu kwa sababu ni mchangamfu, kazi ya kufunga waya nyumbani inatakiwa isimamiwe na mtu mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, na ukienda TANESCO kuomba kuunganishiwa hilo utaulizwa. Bora ulijue kabla ya kumpa advansi kuliko baada.

Ndugu walioko nje, wa Muscat, wa London, wa Minnesota, nyie mna balaa lenu peke yenu, mnatuma hela ya vifaa kwa binamu, binamu anampa fundi, fundi anatuma picha ya ukuta. Ukuta wa nani? Dai video, sio picha, mwambie aanze na geti la jirani unayemjua aingie mpaka ndani bila kukata. Na dukani lipa mwenyewe, siku hizi unaweza kutuma kutoka huko huko moja kwa moja kwenye simu au akaunti ya duka.

Hela ya ufundi: ilipwe kwa kinachoonekana, sio kwa siku

Usilipe kwa wiki, wala kwa "tupo nusu". Nusu ya nani? Nusu ya fundi na nusu yako hazijawahi kufanana tangu dunia iumbwe. Lipa kwa kitu ambacho hata mtoto akiulizwa kimeisha au bado atajibu. Mfano wangu wa bafu, ufundi wa 600,000, tulipanga hivi: mabomba yakishalazwa na kupimwa presha kabla ya kufunikwa na tailizi, 150,000. Tailizi za ukutani zote pamoja na grauti, 200,000. Sakafu, choo na sinki vimekaa na maji yanashuka, 150,000. Zilizobaki 100,000 wiki mbili baadaye kama hakuna unyevu kwenye ukuta wa nyuma. Ukiangalia utaona kila wakati fundi alikuwa ananidai kidogo, sio mimi ninayemdai. Hiyo ndio hali unayoitaka kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Mtu anayekudai anakutafuta mwenyewe, hata simu anapiga yeye.

Sasa kuna mtego hapa ambao umeniuma mimi na majirani zangu wawili, na hautokani na advansi kubwa bali na vihela vidogo. "Dada nisaidie elfu tano ya chakula." "Dada saidia fundi hana nauli." "Dada mtoto amerudishwa shule, nitumie elfu ishirini tutakata." Unatuma kwa sababu wewe ni binadamu na kwa sababu kweli mtoto amerudishwa shule. Hauandiki. Wiki ya tatu unajumlisha unakuta ameshakula 480,000 ya ufundi wa 600,000 na sakafu hata haijaguswa. Yeye hajakuibia, ila anapoamka asubuhi anajua kwako kuna laki na ishirini tu za kazi ya siku sita, na mtaa wa pili kuna mtu anaanza leo na atampa hela mbichi. Wewe ungeenda wapi? Kwa hiyo andika. Mimi nina kaunta buku imening'inizwa na kamba mlangoni, kila anachochukua anaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, tarehe na kiasi na saini, na tulishakubaliana tokea mwanzo hela ya kula ni 10,000 kwa siku na inakatwa kwenye hatua inayofuata. Kwa siku tisa ni 90,000, hakuna wa kushangaa.

Kabla hujatoa hata mia

Picha za kwenye simu sio kazi. Yule wa geti alinionyesha mageti mazuri mno, mengine nilikuja kuyaona baadaye yametolewa mtandaoni huko Nigeria. Omba upelekwe kwenye kazi zake mbili, moja ya karibuni na moja iliyopita mwaka, ya mwaka ndio muhimu maana kila plasta inapendeza siku ya kwanza. Ongea na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo na muulize swali moja tu: ulipomwita arudi kurekebisha, alikuja?

Jua anapoishi. Sio banda, nyumbani. Banda likipigwa X nyekundu ya hifadhi ya barabara, kama lilivyokuwa limepigwa la fundi wangu na mimi nikaipita ile X bila kuiona, kesho linahama na wewe hujui limehamia wapi. Piga picha kitambulisho chake cha NIDA. Na unapotuma hela angalia jina linalotokea kabla hujathibitisha, laini zimesajiliwa kwa alama za vidole kwa hiyo jina lile lina maana. Likitokea jina la mwanamke na fundi ni mwanaume, akasema ni laini ya mke wangu, inawezekana ni kweli, lakini mwambie akupe yake. Keshi mkononi epuka, na ukilazimika, aandike kwenye kaunta buku.

Makubaliano yaandikwe. Watu wakisikia mkataba wanawaza wakili na mihuri, wala, ukurasa mmoja unatosha: kazi ni nini, vifaa nani ananunua, ufundi jumla shilingi ngapi, hatua na hela ya kila hatua, inaisha lini, kikivunjika nani analipa. Saini zenu na ya shahidi mmoja, kama kazi ni kubwa pitieni ofisi ya serikali ya mtaa. Fundi akiwa mgumu wa kuandika tumia WhatsApp, baada ya maongezi mtumie maandishi, sio sauti: "Fundi kama tulivyoongea leo, geti 1,800,000, vyuma nalipa mimi dukani, ufundi wako 500,000 kwa awamu tatu, linafungwa kabla ya tarehe 20. Sawa?" Akijibu "sawa dada" umemaliza, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi. Usiufute ukibadilisha simu!

Akianza kukupiga chenga

Usianze na matusi, wala usiende kwenye status kumwanika, ukishamwanika hana cha kupoteza tena. Nenda mwenyewe bandani asubuhi mapema, saa moja, kabla hajatoka. Mwambie nataka moja kati ya mawili, tarehe mpya iliyoandikwa au vyuma vyangu nivichukue leo nipeleke kwa fundi mwingine. Hapo ndipo zile alama za rangi zinapokulipa, mali yako inajulikana kwa macho. Ikishindikana nenda kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ANAPOISHI YEYE, sio wa kwako, wa kwako hana nguvu kule. Fundi anaogopa aibu ya mtaani kwake kuliko unavyodhani, mimi hela yangu ilianza kurudi siku tuliyokaa kwenye benchi ya ofisi ya mtaa na mama yake mzazi akiwepo, alirudisha 700,000 kwa vipande vipande na fremu yangu yenye kutu nikaibeba kwa guta.

Polisi nenda kama kweli alikudanganya tokea mwanzo, alichukua hela akazima simu na akahama, hilo ni kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu. Ila kama kazi alianza na akashindwa kuimaliza, kituoni watakwambia hayo ni madai nenda mahakamani, na hawajakosea. Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya hivi, kaunta buku na miamala ya simu ndio ushahidi wako. Kuna usumbufu, siku utakazopoteza zipige hesabu kabla.

Na sisi wateja tusijifanye malaika. Fundi akimaliza hatua mlipe siku ile ile, sio "ngoja mshahara utoke". Nimekaa na mafundi wakanihesabia wateja waliowadhulumu mpaka nikaacha kuongea. Ukiwa na sifa ya kulipa siku ile ile, wanakuja hata kazi zikiwa nyingi, na hata advansi hawakubani sana.

Ile hela ya mwisho ya kushikilia ndio inayohitaji moyo. Kazi imekwisha, fundi amefagia, amekusimamia mlangoni anakutazama, na wewe unatakiwa useme hapana, hii ni baada ya wiki mbili. Ni rahisi ukiwa umeisema siku ya kwanza na imeandikwa. Mwaka jana mwezi wa nane nilirekebisha bati la nyumba ya nyuma lililokuwa linavuja, nikabakiza 120,000 kwa makubaliano kwamba nitalipa baada ya mvua ya kwanza kubwa, na mwezi wa nane Dar mvua utaitoa wapi. Fundi alikubali akicheka. Wiki tatu nne zikapita, akawa kila akiona wingu ananitumia ujumbe, "dada huko Goba kumekaaje?" Jua kali fundi. "Dada huku Bunju kuna upepo wa mvua." Bado fundi. Mwezi wa kumi usiku mmoja ikashuka ya maana, ya mawe na radi, saa kumi alfajiri simu inaita, ni yeye, hata salamu hakutoa: "Dada, hebu nenda na tochi kaangalie." Nikaenda na khanga yangu kichwani, nikamulika dari pembe zote nne, kavu. Nikamtumia 120,000 na ya kutolea.